Tangazo la Nepi kwa Allan

Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kimetenganishwa na chumba cha gemu cha Roselyn kwa ukuta wa mbao tu, hapa mtaa wa Sofia, Busia upande wa Uganda. Kwa hiyo haya sikuyasikia sokoni. Mengi niliyaona kwa macho, machache niliyafanya kwa mdomo wangu mwenyewe, na nayaandika kwa sababu watu wameanza kusema Roselyn aliingiwa na wazimu. Hakuingiwa na wazimu wowote. Aliamini maneno aliyosomewa, na aliyemsomea ni mimi.

Kwao ni Tororo, katika kijiji ambacho ukitoka jikoni unaliona lile jiwe kubwa limekaa juu ya mji. Aliolewa akiwa msichana, akafiwa na mume mapema, akabaki na mtoto mmoja, Allan Oketcho. Hapo ndipo alipokuja Busia na gunia la mukene, wale dagaa wakavu, akaanza kuvuka mpaka kwa njia za panya na beseni kichwani. Wenye umri wetu wanamkumbuka. Alikuwa na mdomo. Askari wa upande huu aliwatukana kwa Kidhopadhola cha kwao, wa upande wa pili kwa Kiswahili, na kwa walanguzi waliompunja alikuwa na Kiteso cha kutosha. Kwa mukene huo Allan alisoma hadi akamaliza sekondari, na hakuna mjomba aliyechangia hata kalamu.

Allan hakutaka mukene. Alinunua mashine mbili za gemu zilizotumika, runinga mbili na mabenchi manne, akapaka chumba rangi ya samawati, na vijana wa mizigo, makondakta na mawakala wa forodha wakaanza kujaa humo wakisubiri magari yao yapite mpakani. Mama yake alinung'unika wiki nzima kwamba mwanamume mzima anauza mchezo. Halafu akaona chumba hakikosi watu, akanyamaza.

Namna wanavyofanya kazi katika vyumba hivi, nami nimeijua kwa kuisikia kupitia ukuta, ni hii: mashine hufunguliwa kwa jina la mwenye nyumba, na wateja wote huchezea jina hilohilo. Hakuna anayefungua lake, nani ana muda huo. Basi kila asubuhi runinga ya kwanza ilikuwa inaandika, Karibu tena, Allan. Na kwa kuwa Allan alitumia intaneti ya laini ya Kenya, maana mnara wa ng'ambo unashika vizuri zaidi hapa kwetu, mashine ilimchukua kuwa Mkenya ikawa inamsemesha Kiswahili safi cha upande wa pili. Ilimtangazia viatu vya mpira, soda, pikipiki, mikopo. Mara nyingine tangazo lilikuja na swali kati ya mechi na mechi, unabonyeza jibu kwenye padi ya kuchezea iliyo mkononi, na ukijibu unapewa sarafu za humo ndani za kununulia wachezaji. Wateja walizipenda hizo sarafu kuliko chakula.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, Allan alikwenda Tororo kwa pikipiki kumwona msichana aliyeitwa Sandra. Alirudi mvua ikiwa imetoka kunyesha. Lori lilimkuta kwenye kona, barabara ikiwa bado inateleza. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Tulimzika kwao. Na hapa lazima niseme jambo la ukoo wao, kwa sababu bila hilo huwezi kumwelewa Roselyn. Kwao, mwanamume akifa bila mtoto, jina lake la ukoo linaachwa. Hakuna ndugu atakayempa mtoto wake jina hilo, wala halitajwi majina yakiitwa kwenye karamu. Hata kaburi lake halikai mbele ya nyumba. Allan walimchimbia pembeni, karibu na migomba, na mzee wao mmoja, Oboth, akasimama akasema kwamba Oketcho huyu ameishia hapa. Hakusema kwa ubaya, ndivyo inavyosemwa. Nilikuwa nimemshika Roselyn mkono, na nilihisi kucha zake zikiingia kwenye ngozi yangu.

Baada ya matanga alirudi akafungua chumba yeye mwenyewe. Hakujua kucheza na hakutaka kujua. Alikaa mlangoni na kitambaa chake cha kufutia vioo, akimfukuza anayetukana, na vijana wakambatiza Mama Gemu. Wakala mmoja wa forodha, Okumu, mtu mpole anayekuja kila saa ya chakula, alijitolea kumfungulia jina jipya kwenye mashine ili lile la marehemu lipumzike. Roselyn alikataa kabisa. Nilimwelewa. Popote pengine jina la mwanawe lilikuwa limekwisha, lakini kila asubuhi saa mbili runinga ilimwambia karibu tena. Alisoma hadi darasa la tatu tu, ila neno Allan alilijua kwa sura.

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka huu, asubuhi, wateja hawajafika. Nilimsikia ananiita kupitia ukuta, na sauti haikuwa yake.

"Mama Joan, kuja usome hii. Naona jina ya mtoto yangu, na naona mtoto."

Nikaenda. Kwenye kioo kulikuwa na kichanga kinacheka, kimevaa nepi ya dukani, na maandishi makubwa: Habari Allan! Mtoto wako anakua haraka. Anavaa nepi ya ukubwa gani? Chini kulikuwa na majibu manne: Ni mchanga bado. Anakaa. Anatambaa. Sina mtoto. Nilimsomea yote isipokuwa lile la mwisho, kwa kuwa sikuona maana ya kumsomea mama aliyefiwa maneno kama hayo.

Aliniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akauliza mashine imejuaje. Na mimi, mjuaji, ambaye mashine pekee ninayoijua ni ile yenye sindano, nikamjibu yale niliyomsikia binti yangu akisema: kwamba siku hizi mitambo hii inajua kila kitu cha mtu, alichotafuta kwenye simu, alichouliza, alichonunua, na haimwonyeshi mtu kitu kisichomhusu.

"Mama Allan," nilimwambia, "hii haisemi bure."

Akaketi kwenye benchi la wateja. Tangazo likaondoka, zikaja picha za mpira. Kisha akasema polepole, kwa Kidhopadhola kwanza halafu kwa Kiswahili ili nisikie, kwamba kumbe Oketcho ameacha mtu. Sijawahi kuona uso wa mtu ukirudi ujanani vile. Nilifurahi naye, siwezi kudanganya. Nililia hata.

Mtoto angekuwa kwa nani kama si kwa Sandra? Kesho yake tukafunga vibanda vyote viwili tukaenda Tororo. Tulisikia kwamba ameolewa na Owor, kijana anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, na kwamba ana mtoto wa kiume wa miezi miwili. Roselyn alihesabu kwa vidole njia nzima. Aprili, Machi, Februari, akirudi nyuma mpaka Julai, kisha anaanza upya. Kila mara hesabu ilimkubalia.

Tulimkuta Sandra uani, anaanika nguo chini ya paa lililokuwa jeupe kwa vumbi la saruji. Alimtambua Roselyn akapiga magoti kumsalimu kama inavyopasa, akatuletea mkeka. Mtoto alikuwa amelala kwenye karai kubwa lililotandikwa shuka. Roselyn hakungoja kuruhusiwa. Alimchukua, akamgeuza, akamkagua masikio na vidole vya miguu, na kila alichokiona kilikuwa cha Allan.

Mimi niliangalia kamba ya nguo. Zilianikwa nepi sita za vitambaa vya kitenge, zimekatwa kwa mkasi butu na kukunjwa pindo vibaya. Ni kazi yangu kuona vitu hivyo. Nikajiambia, mtoto huyu hajawahi kuvaa nepi ya dukani. Wazo lilikuja na kupita, nami sikulisimamisha. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

"Sikuja na vita, mtoto yangu," Roselyn akasema. "Nimekuja kuona mtoto ya Allan."

Sandra akabaki ameshika nguo mbichi. Akajibu kwa heshima kwamba mtoto ni wa Owor. Roselyn akamwambia habari ya mashine, na ya miezi aliyoihesabu. Sandra akasema hapana, mama, yeye na Allan waliachana tangu Aprili ya mwaka jana, na kufikia Juni alikuwa amekwisha kuhamia kwa Owor. Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu mumewe alikuwa amelala ndani baada ya zamu ya usiku.

"Kama mliachana," Roselyn akasema, "Agosti alikuja hapa kufanya nini? Alitoka kwako akaenda kufa."

Ningeweza kumkanyaga mguu anyamaze. Sandra alianza kulia kabla ya kujibu. Akasema Allan alikuja kumwomba arudi, yeye akakataa. Mvua ikawa kubwa, akamruhusu aingie ndani mpaka ipungue, ilipopungua akaondoka. Ni hayo tu. Hakuyasema msibani kwa kuwa aliona aibu kumwambia mama mtu kwamba mwanawe alikufa akitoka kukataliwa.

Owor alikuwa amesimama mlangoni, shati begani. Sijui alisimama tangu lini.

"Aliingia ndani," alisema. "Kwa nyumba yangu. Na wewe hukuniambia mwaka mzima."

Sandra akamwelekea akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa yule kijana ulivyofungwa. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa Roselyn, taratibu, akamlaza kwenye karai. Akamtazama kama anavyotazamwa mtoto wa mgeni. Tuliondoka bila kunywa maji.

Njiani Roselyn hakunisemesha habari ya Allan kukataliwa, ingawa najua ilimwingia. Alikuwa ameshika upande mmoja tu wa mambo, ule wenye mtoto. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Oboth, na wazee wakakubali kwamba kama damu ni yao, mtoto ataletwa kwenye kaburi la migombani aitwe Oketcho, na jina litafunguliwa. Walimwambia asubiri wafanye utaratibu wa kuongea na upande wa Owor. Akasubiri, akipaka chumba rangi upya, akiimba. Mimi kwa upande wangu nilimshonea mtoto huyo koti dogo la kitenge. Nalo lipo, sijui nilipeleke wapi.

Baada ya majuma mawili tukapata habari kwamba Owor amemrudisha Sandra na mtoto kwa baba yake, huko Sikuda, mpaka ijulikane mtoto ni wa nani. Roselyn aliona hiyo ni dalili njema. Nami, Mungu anisamehe, niliona hivyohivyo.

Kisha ikafika siku moja ya Julai, saa ya chakula. Okumu alikuwa kwenye runinga ya kwanza, mkono mmoja umeshika padi, mwingine chapati. Mechi iliisha, likaja tangazo, na mimi niliyekuwa nimeingia kuchaji simu nililiona: Habari Allan! Mtoto wako ameanza kukaa? Okumu, macho yake kwenye chapati, akabonyeza. Sarafu zikalia zikiingia.

Roselyn akainuka mlangoni.

"Umejibu nini?"

"Nimejibu anakaa, Mama. Wangu ameanza kukaa wiki hii."

Aliyasema akitabasamu, baba anayetaka apongezwe. Roselyn akamuuliza ni mara ngapi amejibu maswali hayo. Okumu, sasa akianza kuona kuna jambo, akasema ni tangu mke wake alipokuwa mjamzito. Mashine iliuliza kama unatarajia mtoto, yeye akajibu ndiyo, maana ilikuwa kweli, na tangu hapo inamfuata na habari za watoto. Alidhani kila mtu anajua. Wengine nao hujibu yao, ndiyo sababu inatangaza pia dawa za mvi na vyuo vya unesi. Mashine inamwona mtu mmoja tu, akaeleza, anaitwa Allan, na huyo Allan ni sisi sote.

Roselyn akaenda kuketi nje, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Okumu alimfuata akaomba msamaha mara nyingi, na chapati yake ikabaki kwenye benchi. Hakumgombeza. Yule mwanamke mwenye matusi ya lugha tatu hakupata hata moja.

Kesho yake alisema lazima turudi Tororo tukamwambie Owor ukweli. Nilitaka kukataa kwa aibu, lakini ningekataa vipi? Tulimkuta anatoka kazini, kope zina vumbi. Roselyn alimweleza yote akiwa amesimama, hakutafuta maneno ya kujitetea. Alisema mtoto ni wako, mchukue mke wako. Alisema kosa ni langu. Nikasema na langu. Owor alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu.

"Mama, wewe mashine ilikwambia, ukaamini," akasema. "Mimi mke wangu mwenyewe ndiye aliyeniambia mtu aliingia ndani. Hiyo mashine haikusema. Sasa nirudi wapi?"

Akatuaga akaenda kulala. Ninapoandika haya Sandra bado yuko Sikuda. Nilimtumia ujumbe kwamba kama anataka kazi nitamfundisha cherehani, hajanijibu, na simlaumu. Wazee waliambiwa, wakafunga shauri. Jina limebaki lilipokuwa.

Nilidhani Roselyn ataiuza ile mashine, au angalau atamruhusu Okumu abadilishe jina. Wateja wenyewe walimsihi. Aliendelea kuifungua kila asubuhi, ila siku hizi akishaiwasha anageuka kutazama barabara mpaka yale maandishi ya kukaribisha yapite.

Wiki iliyopita, mapema, kabla mtu hajafika, akaniita tena kupitia ukuta. Safari hii sauti ilikuwa yake. Nikakuta kwenye kioo kichanga kingine, kinatambaa kwenye zulia, na swali lilelile la nepi kwa Allan. Roselyn alikuwa ameishika padi kwa mikono yote miwili. Sikuwahi kumwona akiishika kabla ya hapo isipokuwa kwa kuifuta.

"Siku ile ulinisomea tatu," alisema. "Hapa kuna nne. Hii ya chini inasema nini?"

Nilitaka kumdanganya. Nilifungua mdomo nimwambie inasema sijui. Lakini nilikuwa nimeshamsomea vibaya mara moja.

"Inasema, Sina mtoto."

"Nabonyeza wapi?"

Nikamwonyesha. Ilibidi ashuke kutoka jibu la kwanza hadi la nne, kituo kimoja kimoja, na kidole chake kilikuwa kizito kwa kazi hiyo. Alifika akasimama hapo. Nje malori yalikuwa yanaunguruma foleni ikisogea. Akabonyeza.

Sarafu zikalia. Asante, Allan, runinga ikaandika, hatutakuonyesha tena matangazo haya. Palepale yakaja matangazo ya viatu vya mpira, yale aliyokuwa akionyeshwa tangu zamani.

"Imekubali?" aliniuliza.

"Imekubali."

"Haikuuliza mara ya pili?"

Nikamwambia haikuuliza. Akafuta padi kwa kitambaa, akairudisha mahali pake, akaenda kufungua mlango.